Haina Gundi Mgongoni

Mwaka wa sita sasa nauza usingizi.
Si wangu. Wangu niliupoteza zamani
kwenye kibanda cha geti, huku Shanti Town,
ambako kuta zimeota vipande vya chupa
na mbwa wanakula nyama kunizidi.

Nikupe siri ya kazi.
Ile kamera inayokukodolea pale nguzoni
haina kitu ndani.
King'ora kilikatika waya tangu masika ya mwaka juzi.
Tochi ipo, betri nanunua mwenyewe.
Lakini stika ipo, nyekundu, ina ngao na njiwa:
NYUMBA HII IKO SALAMA.
Tajiri analipia stika.
Akishaiona, analala.

Mwezi wa nne meneja akatuita ofisini,
akatugawia stika za bei ya wanyonge, mia kwa kila mmoja:
"Pandeni kwenu milimani. Watu wana hofu,
na hofu, vijana, ni shamba lililokwisha kulimwa."
Nikapanda nazo Uru, begani, kama mbegu.

Walinunua, sitakuficha.
Temba alibandika mbili: mlangoni, na bandani kwa nguruwe.
Mwalimu Kileo alidai risiti.
Nikauza, nikauza, mpaka nikafika kwetu.

Mama yangu, Ndeanasia, alikuwa anamenya ndizi.
Hakuacha kumenya.
Akaisoma stika kwa mbali, kama barua ya mdai.
"Huyu njiwa anamlinda nani?"
Nikamweleza: kampuni, gari la doria, namba ya kupiga.
"Ukipiga, anapokea nani?"
Nikanyamaza.
Nilishawahi kuipiga ile namba.

Basi nikatafuta pa kumchoma.
"Mbuzi wako watatu, mama. Ulisali jioni ile,
asubuhi kamba ikakutwa imekatwa."
Nilitaka iume. Ikauma.
Kisu kikasimama katikati ya ganda.

"Niliibiwa," akasema. "Mungu hakuniahidi kwamba sitaibiwa.
Anayeahidi hivyo ana kitu cha kuuza.
Mimi niliahidiwa kwamba sitaachwa peke yangu,
na asubuhi ile, nimeshika kipande cha kamba,
sikuwa peke yangu.
Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa getini kwa watu.

Akajifuta utomvu kwenye kanga, akanishika mkono
kama nina miaka saba, mpaka kwenye mpaka wa kihamba,
pale masale yalipokaa mstari kando ya mfereji.
"Kwa ajili ya maji haya, mimi na Barnaba
hatukusalimiana miaka kumi na mmoja.
Kanisani alikaa kule, mimi huku.
Halafu siku moja akaja, jani la sale mkononi,
hakuwa na neno, midomo inamcheza tu.
Ndivyo amani inavyokuja, mwanangu.
Inakuja kwa miguu, ina aibu,
na haina gundi mgongoni."

Nimezirudisha stika sitini na tatu.
Meneja amezikata kwenye mshahara.
Zile nyingine nimeanza kuzifuata nyumba kwa nyumba;
Mwalimu Kileo amecheka, Temba hanisalimii.
Nitamwendea tena. Sale ninalo.

Bado nalinda. Watoto lazima wale.
Jana saa tisa usiku mvua ilishuka kutoka mlimani,
nikaegemeza ngazi, nikaifungua ile kamera.
Ndani nyigu amejijengea nyumba ya udongo,
vyumba vitano, mlango hauna kufuli.
Nikaifunga polepole nisimwamshe.

Kukipambazuka nitagonga mlango wa tajiri
nimwambie jicho lake ni kipofu.
Pengine nitarudi nyumbani sina kazi.

Nikazima tochi. Giza likawa giza tu,
lenye harufu ya kahawa iliyolowa.
Sikuomba mwizi asije.
Nilisema: Bwana, kama uko macho,
nami niko macho.
Tukeshe.